Mama lishe na kijiko cha kuonjea: uchambuzi wa kisa kimoja cha kupunguza wanga kidogo kidogo

Kuhusu kisa hiki

Ninafanya kazi ya ushauri wa lishe katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Kisa ni cha mama lishe niliyemhudumia kwa karibu mwaka mzima. Ameridhia kiandikwe kwa sharti moja: "Usiseme kibanda kiko wapi, watu watadhani chakula changu ndicho kinaleta sukari." Kwa hiyo mji, stendi na vitu vidogo vidogo vya kumtambulisha nimeviondoa au kuvibadilisha. Nitamwita Mama T.

Nimekiandika kwa sababu nilikosea mahali pawili, na kosa la pili lingeweza kumuua.

Hali ilivyokuwa

Alipokuja kwangu alikuwa na miaka 52, uzito kilo 91, urefu sentimita 158. Kisukari aina ya pili aligunduliwa nacho miaka minne kabla. Dawa zake zilikuwa metformini miligramu 500 kutwa mara mbili, glibenklamaidi miligramu 5 kutwa mara mbili, na kidonge kimoja cha presha. HbA1c, kipimo kinachoonyesha sukari ilivyokwenda kwa miezi miwili mitatu iliyopita, kilikuwa asilimia 9.8. Ukifika 6.5 tayari unahesabiwa una kisukari. Sukari ya asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni ilikuwa inacheza kati ya 11 na 13 (milimoli kwa lita, kama mashine inavyosoma).

Kazi yake inaanza saa kumi alfajiri. Kufikia saa kumi na mbili chapati na maandazi viko kwenye kabati la kioo, chai iko kwenye chupa kubwa. Saa nne anainjika wali na maharage, kisha ugali, samaki wa kukaanga na mchicha. Anafunga saa tisa alasiri. Anasaidiwa na binti wa dada yake, msichana wa miaka 21, na kijana mmoja wa kubeba maji na kuosha vyombo.

Alikwishajaribu mara mbili kubadili chakula. Mara ya kwanza jirani alimwambia sembe ndiyo mbaya, dona ni dawa. Akahamia dona. Kwa kuwa ni dawa, akawa anakula bonge kubwa kuliko zamani. Mara ya pili, mtoto wake alimwonyesha video kwenye simu ya mtu anayeacha wanga wote siku moja. Mama T. naye akaacha: hakuna ugali, hakuna wali, hakuna chapati. Alidumu siku tisa. Siku ya saba kichwa kilikuwa kinamgonga na kizunguzungu kinampata akiinuka. Siku ya tisa kulikuwa na harusi mtaani, na pilau ya harusi ikamaliza habari. "Nilikula sahani tatu, mwanangu. Tatu. Nilikuwa kama mtu aliyetoka kifungoni."

Nilipomuuliza anakula mara ngapi kwa siku alijibu mara mbili, mchana kidogo na usiku, mbali na chai na chapati za asubuhi. Nikaandika "milo miwili". Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo, ila sikulijua hadi wiki ya tano.

Uamuzi wa kwanza: chai

Tulikubaliana kutoacha kitu chochote kwa mpigo. Kila baada ya wiki moja au mbili tungegusa jambo moja tu, likishazoeleka ndipo tuguse lingine. Lengo halikuwa kufuta wanga. Nilitaka ashuke taratibu hadi chini ya gramu 130 kwa siku, kiwango ambacho wengi wanaoandika kuhusu ulaji huu wanakichukua kuwa mwanzo wa "wanga kidogo", na vyakula vyake viwe vile vinavyotambulika vilivyo: samaki mzima, dagaa, yai, mboga za majani, nazi, karanga, mtindi usiotiwa sukari.

Nilianza na chai kwa sababu tatu. Haigusi sufuria ya familia. Haiongezi gharama, bali inapunguza. Na chai si "chakula" kichwani mwa mtu wa pwani: ukimpunguzia sukari kwenye kikombe hutamsikia akisema amelala njaa. Alikuwa anakunywa vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko 15, karibu gramu 60 za sukari tupu, kabla hajagusa sahani.

Wiki ya kwanza vijiko viwili, ya pili kimoja, ya tatu nusu, ya nne hakuna. Tangawizi, iliki na mdalasini akaviongeza mwenyewe bila kuambiwa. Wiki ya tatu ilikuwa ngumu kuliko zote; alisema chai ya nusu kijiko ni mbaya kuliko isiyo na sukari kabisa, "kama mtu anayekuahidi halafu haji". Ya nne ikawa rahisi.

Chai ilipoanza kuzoeleka, chapati zake mbili za asubuhi zikawa mayai mawili na mchicha uliokaangwa kwa kitunguu. Kwenye kilo alipungua moja na nusu. Sukari ya asubuhi, hata hivyo, ilishuka kidogo tu, ikawa inazunguka 10 na 11. Nilitegemea zaidi. Nilianza kumshuku, nakiri hilo. Nilidhani anakula usiku na kunificha.

Wiki ya tano: kibandani

Badala ya kumhoji tena ofisini nilimwomba niende kukaa kibandani siku moja. Nilifika saa kumi na moja alfajiri, nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa pembeni ya jiko, na bakuli mapajani.

Chapati ya kwanza kutoka kwenye chuma aliikata kipande akatia mdomoni. Ya kuangalia chumvi, akasema. Akala na iliyobaki, kwa sababu chapati iliyokatwa haiuzwi. Andazi lililopasuka alilila. Saa nne na nusu akafunua wali, akachota kwa mwiko, akaweka kiganjani, akala: bado. Baada ya dakika chache tena: bado kidogo. Tena: sasa. Maharage, kijiko. Mchuzi, kijiko, chumvi, kijiko. Mteja mmoja akaacha wali nusu sahani. Huo haukuliwa, ulikwenda kwenye ndoo ya makombo ya kuku. Lakini kijana alipoleta sufuria ili aoshe, Mama T. aliinama akaparua ukoko kwa kijiko cha bati, akasimama anautafuna huku anahesabu chenji. Ukoko ule ni mtamu, ninaujua. Alikuwa hata hajui kama anakula.

Kila alipotia kitu mdomoni mimi niliweka cha ukubwa uleule kwenye bakuli langu. Hadi saa nane mchana nilikuwa nimehesabu mara 31. Tisa zilikuwa mchuzi, hizo nikaziacha. Vilivyobaki nilivipeleka nyumbani nikavipima: wali na ukoko gramu 300, vipande vya chapati gramu 80, maandazi gramu 60. Ukikadiria, ni wanga wa gramu 150 hivi. Kuonja peke yake kulikuwa kumevuka kile kiwango tulichokuwa tunakitafuta kwa siku nzima.

Mama T. hakunidanganya. Milo ilikuwa miwili kweli. Mimi ndiye niliyeuliza milo nikasahau mdomo.

Nilimwonyesha bakuli. Alilitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe mimi ndiye mteja wangu mkubwa, na silipi."

Tulichoamua kilikuwa rahisi. Wali aupime kwa vidole: punje ukiibinya kati ya kidole gumba na cha shahada, kama haina kiini kigumu imeiva. Alicheka, alikuwa anajua tangu utotoni. Kuonja kulikuwa mazoea tu. Chumvi ya chapati ipimwe kwa kijiko wakati wa kukanda. Mchuzi aendelee kuonja. Wali na chapati aonje binti. Ukoko apewe kijana anayeosha.

Ijumaa ile

Sasa kosa la pili.

Glibenklamaidi ni dawa inayolibana kongosho litoe insulini, umekula au hujala. Mtu anayekula wanga mwingi kila siku amewekewa dozi ya kupambana na wanga huo. Ukimwondolea wanga ukaiacha dozi palepale, insulini inabaki haina cha kufanyia kazi isipokuwa sukari iliyomo kwenye damu. Hili nililijua. Nilimwandikia barua ampelekee daktari wake, nikamwambia aende nayo siku yake ya kliniki. Siku hiyo ilikuwa bado wiki saba mbele. Nilijipa moyo kwamba tunakwenda polepole, na kwamba polepole ni kinga.

Lakini hatua ya kuonja haikuwa ya polepole. Kwa mtu aliyekuwa akimeza gramu 150 bila kujua, kuacha kuonja ni sawa na kuondoa sahani mbili za wali kwa siku moja. Ndani ya wiki sukari ya asubuhi ilishuka hadi 7.8. Alinipigia simu kwa furaha. Nikafurahi naye. Sikumwambia kitu kuhusu dawa.

Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa. Usiku wake alikuwa amekula samaki na bamia tu kwa sababu alichoka. Alfajiri alimeza vidonge, akala mayai yake, akaanza kazi. Kama saa moja na nusu alianza kutoka jasho. Nani angeshangaa? Ana jiko la mkaa mbele na chuma cha chapati juu yake, jasho ni sehemu ya kazi. Mikono ilitetemeka, akadhani ni kuukanda unga mwingi. Kisha akamfokea mteja wa miaka yote, mtu wa bodaboda, jambo ambalo binti anasema hajawahi kuliona. Yule mteja alikuwa ametoa noti ya elfu mbili, Mama T. akamrudishia chenji ya elfu kumi.

Chenji ndiyo iliyomshtua binti. Mama T. hakosei hesabu.

Mashine ya kupimia ilikuwa kwenye mkoba, kwa bahati. Binti alimtoboa kidole: 2.9. Chini ya 3.9 tayari ni kushuka. Yule mtu wa bodaboda akakimbia akaleta soda. Na Mama T., akiwa ameketi chini ameegemea gunia la mkaa, akaisukuma kwa mkono: "Dokta amenikataza soda."

Sentensi hiyo bado inanirudia. Nilikuwa nimemfundisha wiki sita kwamba sukari ni adui, na sikutenga hata dakika tano kumfundisha siku ambayo sukari ndiyo dawa.

Binti alimlazimisha. Nusu chupa, karibu gramu 18 za sukari. Wakasubiri robo saa, wakapima: 4.6. Akapewa chapati na maharage ale, kisha wakampeleka kwa daktari. Kumpeleka kulikuwa sahihi hata kama alikuwa amepata nafuu, maana glibenklamaidi inakaa mwilini saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena. Walimweka chini ya uangalizi hadi jioni.

Dawa

Daktari aliondoa dozi ya jioni ya glibenklamaidi siku ileile. Baada ya wiki mbili, namba za mashine zilipoonyesha sukari haipandi, akaiondoa na ya asubuhi. Metformini ilibaki. Hiyo hailazimishi kongosho. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi, na ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Daktari alinipigia simu baadaye. Hakunikemea. Aliniuliza tu kwa nini barua ilisubiri tarehe ya kliniki ilhali simu ipo.

Mchana, usiku na watu wa nyumbani

Baada ya hapo tulipumzika wiki tatu, hakuna hatua mpya. Alikuwa na woga, na nadhani ulikuwa woga wa haki.

Tuliporudi tuligusa mchana. Sahani yake aliipakua kwa mpangilio mpya: mboga kwanza, nusu ya sahani, samaki au dagaa robo, wali ule unaoenea kwenye kiganja kilichokunjwa. Nilimweleza kwa vijiko vya sukari, namna iliyoenezwa na Dk. David Unwin, daktari wa familia wa Southport, Uingereza, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaelekeza wagonjwa wake wa kisukari kwenye ulaji wa wanga kidogo. Katika jedwali lake wali wa gramu 150 unapandisha sukari kama vijiko 10 vya chai. Ni makadirio, si sheria, lakini mtu aliyetoka kuhangaika kuacha vijiko vitatu kwenye kikombe anaelewa papo hapo.

Usiku ulikuwa mgumu zaidi. Nyumbani kuna mume, watoto wawili wakubwa na mjukuu. Wote wanakula sinia moja, na katikati ya sinia kuna ugali. Mume wake hakuwa mbishi, ila alikuwa na neno lake: "Mtu aliyekula mboga tupu amekula nini?" Tulifikiria Mama T. apike chungu chake mwenyewe. Tukaliacha wazo hilo. Mtu anayepika kutwa nzima kwa ajili ya wateja hatapika mara mbili usiku, na anayejitenga na sinia ataonekana mgonjwa hata kabla ya kuwa mgonjwa. Chakula kikabaki kimoja. Kilichobadilika ni kwamba kisamvu, matembele au mchicha vilipikwa mara mbili ya zamani, kwa tui la nazi, na Mama T. alianza navyo pamoja na samaki kabla ya kugusa ugali. Akifika kwenye ugali njaa imeshapungua, tonge tano au sita zinamtosha. Dona au sembe, nilimwachia achague. Kwenye gramu 100 za unga, dona inaizidi sembe kwa nyuzinyuzi gramu tatu hivi. Wanga wake unakaribiana kabisa. Dona ina ubora wake, lakini si ruhusa ya bonge.

Fedha zilikuwa swali lake la kwanza kila mara. Ukoko ulikuwa bure, yai si bure. Aliandika kwenye daftari la biashara, ukurasa wa nyuma: sukari aliyoacha kununua upande mmoja, trei la mayai na fungu la dagaa upande mwingine. Sukari haikutosha kulipia mayai. Iliyofidia ni vidonge alivyoacha kununua na mboga aliyoanza kuichukua kwa jumla alfajiri pamoja na ya biashara. Hapo hesabu ilikaribia kulingana. Karibu, si kabisa.

Ramadhani

Mwezi wa sita wa kazi yetu ukaangukia Ramadhani. Alitaka kufunga. Daktari alikubali kwa kuwa glibenklamaidi ilikwishaondoka. Metformini ikahamishiwa futari na daku, na tukakubaliana kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 anafungua hapohapo, swaumu ataikidhi.

Sukari haikushuka. Ilipanda. Futari ya pwani ni muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi za nazi, tambi za sukari, kaimati, na uji wa kufungulia. Karibu vyote ni wanga, na vingi ni vyakula vizima visivyopita kiwandani, jambo lililomchanganya kwa sababu nilikuwa nimemsifia sana "vyakula vya asili". Muhogo ni wa asili. Juisi ya embe aliyoikamua mwenyewe ni ya asili. Mashine haijali. Wiki ya pili alikuwa anasoma 13 saa mbili baada ya futari.

Tulirekebisha nusu tu. Tende moja, maji, supu ya samaki au ya pweza, aende kuswali magharibi, akirudi achague kimoja kati ya muhogo, magimbi au viazi, vipande viwili, samaki wa kutosha. Kaimati zilishinda. Kila usiku alikula mbili tatu, na sikugombana naye. Mwezi uliisha ameongezeka kilo moja.

Matokeo

HbA1c baada ya miezi mitatu ilikuwa 8.1. Baada ya miezi tisa, 6.9. Kilo kutoka 91 hadi 82. Glibenklamaidi imeondoka, metformini ipo, kidonge cha presha kipo. Hajapona kisukari na hatumwambii hivyo, anakimudu. Kwenye harusi anakula pilau, sahani moja.

Alijaribu pia kuuza sahani ya samaki na mboga nyingi bila wali. Kwa wiki mbili alipata wateja wanne, wawili kati yao wenye sukari kama yeye. Mtu wa bodaboda analipia kushiba, naye anajua kushiba ni wali. Sahani ile ameiacha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni mpangilio wa hatua. Wengi wanaanza na ugali kwa sababu ndiyo unaoonekana, nao ndio wenye watu wengi nyuma yake: mume, watoto, wageni, heshima ya nyumba. Chai haina wa kuitetea. Kuanzia hapo kulimpa ushindi ambao haukumgharimu ugomvi, na ulimi uliozoea chai bila sukari ulianza kulalamika wenyewe kwamba soda ni tamu mno.

Ile mara ya siku tisa naitazama tofauti sasa. Alipoisimulia tuliihesabu kuwa alishindwa kwa tamaa. Lakini alikuwa anameza glibenklamaidi ileile, dozi ileile, bila wanga kabisa. Kichwa kuuma na kizunguzungu vinaweza kuwa vya upungufu wa maji na chumvi, maana mtu anapokata wanga ghafla figo hutoa chumvi na maji mengi siku za mwanzo, na kama ana kidonge cha presha hali inazidi. Vinaweza pia kuwa sukari iliyoshuka. Hakuna aliyempima. Nashuku sana kwamba zile sahani tatu za pilau zilikuwa mwili unaotafuta kujiokoa, na sisi tukaziita uroho.

Kwamba kupunguza wanga kunashusha sukari si jambo la ubishi tena kwa watu wazima wenye kisukari aina ya pili. Chama cha Kisukari cha Marekani, katika tamko lake la lishe la 2019, kiliandika kwamba kupunguza wanga kwa jumla ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kuboresha sukari ya damu. Tatizo liko kwingine. Ushauri wa chakula unatolewa chumba kimoja, dawa zinaandikwa chumba kingine, na mgonjwa ndiye anayetumwa kubeba ujumbe katikati. Kadiri ushauri unavyofanikiwa ndivyo hatari inavyoongezeka. Sasa mtu yeyote mwenye dawa za jamii ya glibenklamaidi, gliklazaidi au glimepiraidi, au anayejichoma insulini, simgusi chakula kabla sijazungumza na daktari wake kwa simu. Walio kwenye dapagliflozini au empagliflozini, dawa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, nao wana hatari yao nyingine: damu yao inaweza kujaa asidi ya ketoni, inayotoka mwili unapochoma mafuta, hata kama mashine inaonyesha sukari ya kawaida. Wajawazito na wenye figo mbovu siwaanzishi kabisa bila daktari.

Na kabla ya somo la kwanza la kupunguza sukari, nampa mgonjwa na mtu anayekaa naye kutwa somo la kuila: dalili, namba, soda nusu, robo saa, pima tena. Kwa wapishi naongeza kwamba jasho la jiko na jasho la sukari kushuka yanafanana. Asiamini ngozi, apime.

Kuhusu kuuliza, nimebadilisha fomu yangu. Mahali pa "milo" sasa kuna swali "leo mkono wako umegusa mdomo mara ngapi?" Wauza matunda, wapishi wa shughuli, mama wanaomalizia makombo ya watoto, walinzi wanaotafuna karanga usiku, wote milo yao ni miwili au mitatu. Kukaa kibandani kwa muda wa saa tisa kulinipa nilichokikosa kwa vikao vinne. Siwezi kukaa saa tisa na kila mgonjwa, najua. Lakini bakuli naweza kumpa aende nalo mwenyewe, kwa siku moja.

Jambo lililobaki

Nilipopita kibandani mwezi uliopita wali ulikuwa jikoni. Mama T. aliubinya kwa vidole, akatikisa kichwa, akaufunika. Binti akaja nyuma yake na mwiko, akachota, akaonja. Kisha akaenda kwenye chapati, akakata ile ya kwanza. Gauni lake limekuwa la kubana kiunoni. Mama yake, dada wa Mama T., naye ana kisukari.

Niligawa kuonja kama mtu anayehamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine, na bega lile lilikuwa la ukoo uleule. Nilimpima siku ileile: 5.4 kabla ya kula. Ni nzuri. Nimempa bakuli.